Breki Iliyolegezwa

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Niko kitandani, ghorofa ya tatu, mguu wa kushoto ndani ya hogo, plasta nzito nyeupe kutoka vidoleni hadi katikati ya paja. Mfupa wa ugoko umevunjika mahali pawili. Lifti ya jengo hili ilikufa kabla sijaolewa. Nimeolewa, nimeachika, nimerudi, na yenyewe bado haijafufuka.

Wifi Hamdiya, mke wa kaka, ndiye aliyeniletea daftari hili. "Andika, wifi, maana ukiendelea kuniongelesha mimi mchana kutwa, nitamkimbia kaka yako." Alisema huku anacheka, ila ujumbe umefika.

Basi naandika. Mwezi uliopita nilipanda pikipiki ya Ansbert kwenda Feri, kwenye kivuko. Ansbert ndiye bodaboda pekee ambaye kaka Abdulhadi ananiruhusu kupanda, kwa sababu pikipiki ni ya kaka mwenyewe. Anazo tano, moja anaendesha mwenyewe, nne amewapa vijana, na yeye anauza spea dukani kwake Gerezani. Siku hiyo mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kabla ya kufika Mnazi Mmoja, mkokoteni wa marobota ya mitumba ukatokeza katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa. Ansbert akafunga breki. Nikasikia kiti kinanikimbia, mkia wa pikipiki ukaja ubavuni kana kwamba unataka kutangulia mbele, halafu lami. Pikipiki ikanilalia mguu.

Ansbert alichubuka kiwiko tu. Hilo linaniuma kuliko mfupa wenyewe.

8 Aprili

Mvua. Uji. Mvua.

Ijumaa, 10 Aprili

Kaka amerudi kutoka msikitini, akaketi kwenye kiti cha mlangoni kama hakimu.

"Yule kijana alikuwa mwendo wa kuua," alisema. "Nimemwekea dhamana kwa sababu ananifanyia kazi, lakini kosa lake atalibeba mwenyewe. Polisi watakuja kuchukua maelezo yako hapa hapa, maana wewe huwezi kushuka. Uwaambie alivyokuwa anakimbia."

"Nitawaambia."

"Leseni watamnyang'anya. Na mahakama ikiamua kumfunga, shauri yake."

"Afungwe tu," nikasema. Nilimaanisha kabisa.

Kisha akaniuliza, kwa mara ya tatu sasa, siku ile nilikuwa nakwenda Feri kufanya nini. Nikasema kumwona mteja wa madera. Uongo. Nilikuwa navuka kwenda Kigamboni kutazama chumba cha kupanga. Nina miaka thelathini na minne, nina meza yangu ya nguo hapo chini, na bado nikitaka kununua dawa ya meno lazima niseme nakwenda wapi na nitarudi saa ngapi. Kaka si mtu mbaya. Analinda tu, na ulinzi wake hauna mlango wa kutokea.

13 Aprili

Ansbert amekuja na machungwa. Nilimwambia Hamdiya amjibu kwamba nimelala, na nilisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ngazi. Machungwa yaliachwa mlangoni. Ni matamu, siwezi kuyasingizia.

15 Aprili

Nimelia mpaka kitanda kimesogezwa dirishani. Dunia imerudi! Chini yangu kuna njia panda. Upande mmoja wanatoka wa Gerezani, upande mwingine wanatoka wenye mikokoteni ya sokoni, na mahali wanapokutana lami imechakaa hadi inang'aa. Mvua ikinyesha panakuwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Alasiri kuna bodaboda ameanguka pale pale. Msichana alikatiza mbele yake na beseni la mihogo ya kuchemsha, jamaa akakanyaga breki, mkia ukaondoka upande wa kulia, yeye na pikipiki wakalala. Hakuumia. Watu wakapiga kelele, "Mwendo kasi huo! Mtatumaliza!" Na mimi juu huku nikaitikia peke yangu kama mwendawazimu.

16 Aprili

Umeme hakuna. Mguu unawasha ndani ya plasta. Najikuna kwa mwiko, na Hamdiya kasema huo mwiko usirudi tena jikoni.

18 Aprili

Mwingine tena. Huyu nilimwona tangu mbali, maana sina kazi nyingine. Hakuwa anakimbia. Mwanamke mwenye mfuko mzito alikuwa anatembea kando yake na walikuwa karibu sawa. Paka akakatiza. Mguu ukashuka juu ya breki, gurudumu la nyuma likaganda, likaburuzika, mkia ukaja mbele. Chini.

Watu wakapiga kelele zile zile: mwendo kasi.

Nimeshindwa kula chakula cha jioni vizuri. Mtu anayekwenda sambamba na mama mwenye mfuko anawezaje kuwa mwendo kasi?

19 Aprili

Jumapili. Maduka yamefungwa, njia panda tupu. Nimepiga usingizi.

21 Aprili

Leo nimeona kitu.

Kuna jamaa anayesambaza mikate kwa pikipiki, ana sanduku kubwa la bati nyuma, anapita kila asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mkokoteni ukamtokea usoni kama ulivyotutokea sisi, kwenye utelezi ule ule. Nikafumba macho. Nilipofumbua, pikipiki ilikuwa imesimama wima, pua imeinama chini kama ng'ombe anayekunywa maji, halafu ikainuka taratibu. Jamaa akamtukana mwenye mkokoteni, akatukanwa, akaenda zake.

Nikamwita Hamdiya. "Umeona ile pua?"

"Pua ya nani tena?"

Kutwa nzima nimewatazama. Wanaoanguka pua zao haziinami. Wanakanyaga kwa mguu tu, na mkono wa kulia wameukunja kwenye usukani. Wanaosimama salama, hata wakiwa wachache, wanaminya na mkono, wanaminya polepole kama wanakamua chungwa, na pikipiki inainama mbele na kusimama.

Halafu nikaitazama mikokoteni yenyewe. Mkokoteni ukisimamishwa ghafla, marobota yote yanakimbilia mbele, na nyuma unakuwa mwepesi hadi unanyanyuka. Pikipiki ni hivyo hivyo. Ukifunga breki uzito wote unahamia gurudumu la mbele. La nyuma linabaki jepesi, halishiki lami, na ndilo hilo peke yake wanalolikanyaga! Lazima liteleze.

Na sasa kuna jambo jingine limenirudia. Siku ile, kabla hatujaanguka, bajaji ilitupita. Nakumbuka abiria wake alikuwa ametoa kiganja nje kuonja mvua. Bajaji gani itampita mtu aliye kwenye mwendo wa kuua?

22 Aprili

Nimejaribu kutoyafikiria ya jana. Nimeshindwa.

24 Aprili

Mama Hillary amepanda kuniona na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Jina lake ni Candida, ana duka la jumla la sabuni na mafuta chini ya ghorofa yetu, na kwao Rombo hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa mtori. Nimekula hadi jasho.

Nikamwambia, "Mama Hillary, nifanyie jambo moja, usiniulize kwa nini. Pikipiki ya kaka iko hapo chini?"

"Ipo, amekuja kula."

"Nenda uminye breki yake ya mbele. Ile ya mkono wa kulia."

Akaniangalia kama dawa za maumivu zimenipanda kichwani, lakini akashuka. Nikamwona kutoka dirishani, mwili mzima na kanga zake mbili, akijifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Akaminya. Akaminya tena. Akainua uso akapayuka, bila hata chembe ya siri:

"Dalia! Hii haina kitu! Inafika hadi kwenye usukani, inaning'inia tu!"

Nusu ya mtaa ikageuka. Nikajificha nyuma ya pazia.

Pikipiki ya kaka mwenyewe. Siyo ya kijana, siyo ya kijiweni. Anayeuza waya za breki dukani kwake!

28 Aprili

Ansbert amekuja. Leo nimesema apande. Kaka alikuwa Gerezani.

Alisimama mlangoni na machungwa yake, kofia ngumu mkononi. Amekonda. Kila nilipomfikiria hapa kitandani nilimwona ana meno mengi na kicheko kingi, kumbe nilimtengeneza mwenyewe.

"Pole, dada Dalia."

"Keti. Breki ya mbele ya ile pikipiki ilikuwa inashika?"

Akaangalia sakafu, akaangalia Hamdiya, Hamdiya akaondoka na ndoo ambayo haikuwa na maji.

"Haishiki, dada. Hakuna hata moja ya bosi inayoshika. Ukikabidhiwa pikipiki, kwanza anaichukua mwenyewe, analegeza nati ya waya wa mbele mbele yako, anakwambia hii inaua, hii usiiguse, tumia mguu. Hata iwe mpya ya kwenye boksi."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilimwomba akaze. Ilipoanza mvua nilimwomba tena. Akasema anayetaka breki ya mbele akanunue pikipiki yake." Alikuwa anachezea mkanda wa kofia. "Siku ile mkokoteni ulipotokea niliiminya, dada. Najua haipo na bado niliiminya. Ikaja yote mkononi, bure."

Nikaikumbuka. Nilikuwa nyuma yake, nimechungulia juu ya bega lake, na niliuona mkono ule ukifunga hadi mwisho. Nilikuwa nimeuona na nikausahau.

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Bosi ndiye aliyenitoa ndani. Ananiambia nikubali ulikuwa mwendo, mambo yaishe. Nikimtaja yeye, nani atanidhamini? Na kijiwe gani kitanipokea?" Akasimama. "Mimi sikuja kuomba useme chochote. Nilikuja kukupa pole tu."

Alipoondoka nilitamani nirudi kumchukia. Ilikuwa rahisi zaidi.

Jumapili, 3 Mei

Nimezungumza na kaka. Nilitaka ayaseme yeye mwenyewe kwa polisi kabla sijasema mimi. Nilijipanga wiki nzima, nikachagua maneno laini, nikasubiri ashibe.

Nilimweleza ya mwenye mikate, ya pua, ya mkokoteni. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mtoto. Nilipofika kwenye nati aliyokuwa anailegeza, uso wake ukafunga.

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima unajua, kaka. Mama Hillary aliitangaza."

"Basi na wewe ujue sababu." Alizungumza polepole. "Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya baba. Alikuwa anakata kona, mtu akatokea, baba akaikaba breki ya mbele kwa mkono mzima. Nimeuona ule mkono, Dalia. Vidole vinne. Baba akaruka juu ya usukani, nikabaki mimi kwenye pikipiki. Na wewe unanifundisha breki kutoka dirishani?"

Sikuwa nimewahi kuyasikia haya. Nyumbani kwetu husemwa tu "ajali ya marehemu Mzee Taimur", halafu watu wanaomba dua na kubadilisha mazungumzo. Nilitaka kumshika mkono, lakini kiti chake kilikuwa mbali na mimi siwezi kuinuka.

"Aliikaba ghafla, kaka. Na alikuwa kwenye kona, gurudumu limegeuka. Haikuwa kosa la breki kuwepo."

"Breki ya mguu inamtosha anayekwenda kwa adabu."

"Bajaji ilitupita! Ansbert hakuwa anakimbia."

Akasimama. "Polisi akija utasema ulichosema mwanzo. Nikipelekwa mahakamani mimi, hizo pikipiki tano zinasimama, duka linasimama, na wewe unayelala hapa unakula wapi? Nani atakubeba kwenda chooni? Ansbert?"

Akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga vizuri, na hilo lilinitisha zaidi.

5 Mei

Hamdiya ameambiwa Ansbert asipande tena. Na Mama Hillary naye, eti mgonjwa anahitaji utulivu. Simu yangu ilipasuka siku ya ajali, na kaka amekuwa "akiipeleka kwa fundi" tangu wakati huo.

6 Mei

Mvua.

8 Mei

Nimejaribu kushuka ngazi kwa magongo. Nimefika ngazi ya nne nikakaa chini, nikalia kwa hasira. Hamdiya alinikuta pale, akakaa pembeni yangu.

"Wifi, sema unachotaka kusema," aliniambia kwa kunong'ona. "Ila mimi nitabaki hapa na yeye baada ya wewe kusema. Na hilo ulifikirie."

Nimelifikiria. Tangu nirudi kwenye nyumba hii nilimwona Hamdiya kama askari wa zamu wa kaka. Leo nimemwona ni mfungwa mwenzangu mwenye funguo za jikoni.

10 Mei

Kila asubuhi namtazama kaka akiondoka. Anafuta kiti kwa kitambaa, anasema bismillah, anavuka njia panda, anapotelea upande wa Gerezani. Mimi nashika chuma cha dirisha hadi apite. Nimemkasirikia kiasi kwamba sitaki kumsalimia, na bado siwezi kunywa chai mpaka nione amevuka.

Jumanne, 12 Mei

Mwandiko wa leo ni mbaya, nauacha hivyo hivyo.

Asubuhi ilikuwa mvua ya rasharasha, ile mbaya zaidi, inayolowesha lami bila kuiosha. Kaka alitoka kama kawaida. Alipofika katikati ya njia panda, mkokoteni wenye magunia ya vitunguu ukateremka kutoka upande wa soko, mwenye nao umemshinda, anapiga kelele watu wapishe. Nikaona yote kabla hayajatokea. Niliita "Kaka!" kwa sauti yangu yote, na sauti yangu yote haikufika popote.

Akakanyaga. Pua haikuinama. Gurudumu la nyuma likaganda, mkia ukaondoka kushoto, pikipiki ikakaa mshazari ikimburuza kuelekea kwenye magunia. Mkono wake wa kulia, mkono wa kaka yangu anayesema hii usiiguse, ukafunga breki ya mbele hadi kwenye usukani. Ikaja bure. Akatoa mguu, soli ikachora maji, na bega likagonga gari lililoegeshwa. Gari lile ndilo lililomzuia. Bila hilo, pengine ningekuwa naandika mambo mengine usiku wa leo.

Watu wakamzunguka. "Mwendo kasi huo, mzee!" Nilisikia kabisa wakisema. Yeye, aliyekuwa anakwenda mwendo wa kusindikiza harusi!

Kaka aliinua uso akatazama juu, moja kwa moja dirishani kwangu, na akaniona ninamtazama. Tulibaki hivyo. Kisha akaisukuma pikipiki kwa miguu hadi Gerezani, hakuipanda.

Jioni alikula akamaliza. Bega limevimba, Hamdiya alimkanda kwa maji ya moto. Nilisubiri aseme. Nilikohoa, nikaomba chumvi nisiyoihitaji, ili nimpe nafasi. Hakusema.

Alhamisi, 14 Mei

Amekuja. Afande Joyceline, mwanamke wa makamo, amepanda ngazi zote na akaomba maji kabla ya salamu. Kaka alirudi kutoka dukani makusudi, akaketi kwenye kiti chake cha mlangoni. Hamdiya alisimama nyuma yake.

"Dada Dalia, nieleze kwa maneno yako. Pikipiki ilikuwa kwenye mwendo gani?"

Nilikuwa na maneno yote tayari, na yote yakakimbia. Nilichoona mbele yangu ni ndoo ya kuogea, sahani niliyolia chakula asubuhi, shuka nililolalia. Hakuna kitu chumbani humu ambacho si cha kaka. Hata kalamu hii. Nikaogopa, naliandika hapa wazi: niliogopa kama mtoto.

"Bajaji ilitupita," nikasema.

Kalamu ya afande ikasimama. "Unasema?"

"Hakuwa anakimbia. Bajaji ilitupita. Mkokoteni ulipotokea aliminya breki ya mbele, nilimwona, na haikushika. Ilikuwa imelegezwa. Akabaki na ya nyuma peke yake, na kwenye maji ya nyuma peke yake inatelezesha. Nendeni mkaiminye, mnayo kituoni tangu siku ile, hakuna aliyeigusa."

"Nani aliilegeza?"

Sikumtazama. "Mwenye pikipiki. Huwa anazilegeza zote. Anaamini zinaua, kwa sababu baba yetu alikufa mbele ya macho yake. Hilo nalo uliandike, tafadhali. Asije akaonekana ni mtu asiyejali."

Afande akageuka mlangoni. "Mzee, ni kweli?"

Kiti kilikuwa kitupu. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi, polepole, ghorofa baada ya ghorofa.

Hamdiya alikuja akanifunika shuka, ingawa kulikuwa na joto.

17 Mei

Analala sebuleni. Hanisalimii. Chakula kinakuja, maji yanakuja, kila kitu kinakuja isipokuwa yeye.

19 Mei

Mvua. Hakuna jipya.

22 Mei

Mama Hillary ameamua marufuku imekwisha muda wake, kapanda na mtori na habari. Wakaguzi wameikagua pikipiki ile, wamekuta waya wa mbele umelegea. Ansbert amefutiwa shitaka. Kaka ameandikiwa kosa la kumkabidhi mtu chombo kibovu, na zile nyingine zisitembee hadi zikaguliwe.

"Na kaka amesemaje?"

"Amefunga duka, amekaa ndani kutwa. Wapita njia wanasikia nyundo tu."

Nilidhani nitafurahi kwa ajili ya Ansbert. Nimefurahi, ndiyo. Halafu nikageukia ukutani.

26 Mei

Hospitali kwa bajaji, hogo limekatwa. Mguu umetoka mwembamba na mweupe, kama si wangu. Kaka alinibeba ngazi zote kushuka na kupanda. Hakunitazama usoni, lakini alivyonishika hakuruhusu mguu uguse ukuta hata mara moja.

27 Mei

Idi Kubwa. Takbira kutoka kila upande, harufu ya pilau. Nilimpa mkono wa Idi. Aliupokea. Mkono wake una malengelenge na grisi kwenye kucha. Siku ya Idi!

1 Juni

Natembea na gongo moja hadi jikoni. Jua la kutwa nzima. Masika yanaaga.

Jumapili, 7 Juni

Naandika haya Kigamboni, nimekaa kwenye kizingiti cha chumba kisicho hata na pazia. Nieleze nilivyofika.

Asubuhi nilimkuta kaka anakunywa kahawa. Nikasema, "Shikamoo, kaka." Akaitikia marahaba, ya kwanza tangu afande aondoke. Basi nikajitosa.

"Siku ile sikuwa nakwenda kwa mteja. Nilikuwa navuka kwenda kutazama chumba cha kupanga. Nataka kuishi kwangu. Na leo nataka kwenda tena."

Akazungusha kikombe. "Chumba kina maji?"

"Wanasema yapo."

"Wanasema," akarudia. Akanyanyuka. "Chukua mtandio wako."

Alinishusha ngazi. Nilidhani ataita bajaji. Akaenda kwenye pikipiki yake, akatoa kitambaa, akaanza kufuta kiti kilichokuwa kikavu na safi. Akafuta, akafuta tena, mgongo amenigeuzia mimi. Nikaelewa ananisubiri.

Nikanyoosha mkono. Nikaiminya breki ya mbele.

Ilikuwa imekaza. Vidole vyangu viliishia njiani, haikusogea zaidi.

"Zote tano," alisema bila kugeuka. "Nimeweka waya mpya na viatu vipya vya breki, vile vinavyobana gurudumu, na wakaguzi wamezipitisha. Ansbert anajifunza nazo kule uwanja wa reli, na mimi najifunza naye. Yeye anajua zaidi."

Nikapanda. Nilikuwa nimeapa sitapanda tena pikipiki maishani mwangu, na nilimshika kaka kiunoni kwa nguvu hadi akaniambia nimwachie apumue. Tulipita Mnazi Mmoja, mahali pale pale, nikafumba macho. Tukavuka salama. Tulipokaribia Feri, karibu na wakaanga samaki, mtu mwenye beseni la pweza kichwani akashuka barabarani bila kuangalia kokote.

Niliuona mkono wake. Vidole vinne vilifunguka, vikaganda hewani, na kwa muda huo mdogo nilijua anamwona baba. Kisha vikashuka, vikaminya, polepole kwanza, halafu kwa nguvu. Uzito wangu wote ukamwegemea mgongoni. Pua ikainama. Mkia ulibaki nyuma, mahali pake. Tukasimama wima, mwenye pweza akiwa mbele yetu anatutukania wazazi.

Kaka hakuondoka. Injini inanguruma, wa nyuma wanapiga honi, na yeye amekaa tu, mkono bado umeminya. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nililaza shavu kwenye mgongo wake.

"Angeminya hivi," alisema. "Dalia, angeminya hivi tu."

"Najua, kaka."

"Sikumwambia. Nilikuwa nyuma yake na sikumwambia."

"Ulikuwa na miaka kumi na sita."

Honi zikazidi. Nikampapasa bega, lile lililogonga gari.

"Twende, kaka. Pantoni haitatungoja."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaachia breki, tukaenda.